Kanda Moja, Sauti Tatu

Baba aliinunua River Road mwaka 1986, ikiwa tupu. Ilikuwa kanda ya dakika 60, nusu saa kila upande, plastiki yake rangi ya moshi, na ndani yake utepe wa karibu mita 90, mwembamba kuliko kamba ya kiatu. Tulikuwa tukikaa Gatwekera, Kibera, chumba cha futi 10 kwa 10, kuta za udongo, paa la mabati. Baba alikuwa kibarua Industrial Area. Alfajiri alishika njia ya reli kwa miguu, jioni akarudi kwa reli ileile. Kwa mtu wa namna hiyo kanda tupu haikuwa kitu cha starehe. Ilikuwa barua.

Nyanya yangu, kule Siaya, hakujua kusoma. Barua ya karatasi ilibidi asomewe na mtoto wa shule, na mtoto wa shule akishasoma barua ya mtu, kijiji kizima kimeisoma. Kwa hiyo baba aliketi kitandani, akaweka redio kaseti mapajani, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuanza kuongea. Sisi tulikatazwa hata kukohoa. Kanda ilipojaa upande wa kwanza aliifunga ndani ya soksi, akampa makanga wa basi la usiku pale kituo cha mabasi ya mashambani, ambacho watu wote wa mjini tulikiita Machakos Airport. Baada ya wiki tatu soksi ilirudi. Nyanya alikuwa amejaza upande wa pili, kwa redio ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi.

Usiku huo watu wanane waliingia chumbani mwetu. Jirani wa ukuta wa kushoto hakuhitaji kuingia, maana alisikia kila kitu akiwa kwake. Nyanya aliongea Dholuo cha ndani kabisa, na sisi watoto wa Kibera tulijua cha jikoni tu, basi baba akawa anasimamisha kanda na kutueleza: ng'ombe mweusi amezaa, mahindi yameliwa na tumbili, fulani ameaga, bado mnaniletea sukari? Nyuma ya sauti yake kuku walikuwa wakibishana. Mama alisema alichokipenda zaidi ni wale kuku.

Watu wanaoandika habari za Kibera huandika kana kwamba vyombo vilifika huko jana, vikiletwa na wafadhili. Mahali penyewe palianza na Wanubi, askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles, ambao Waingereza waliwatengea mwaka 1912 ekari 4,197 za msitu. Wao ndio waliopaita Kibra, yaani msitu au kichaka. Ukiingia kwao Makina unakuta nyumba zenye baraza, na katika mojawapo niliona, nikiwa mdogo, gramafoni ya kuzungusha kwa mkono ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mtungi wa maji. Bibi mwenye nyumba hakuruhusu iguswe. Santuri zilikuwa chini ya kitanda, na wakati wa harusi zilitolewa. Wapangaji kama sisi tulikuja baadaye sana, mkononi tukiwa na redio.

Kumbukumbu yangu ya kwanza ya redio si wimbo. Ni Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi wa anga walikuwa wameteka kituo cha Sauti ya Kenya. Leonard Mambo Mbotela, ambaye kila nyumba ilimjua kwa kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilichoanza mwaka 1966, akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Katika kichochoro chetu redio hazikuzidi nne, lakini kila mwenye redio aliiweka dirishani, na watu wakasimama nje na pajama zao wakimtazama mwenzao usoni ili wajue kama wafurahi au waogope. Kabla ya siku kwisha redio ileile ilisema mapinduzi yameshindwa. Idhaa ilikuwa ya serikali peke yake, na ndiyo maana bunduki zilikimbilia kwenye maikrofoni. Mbotela alifariki Februari 2025, na hata katika maombolezo watu walikuwa bado wanaulizana asubuhi ile kila mmoja alikuwa wapi.

Stima kwetu haikuwako. Redio ilikula mawe. Ndivyo tulivyoyaita na ndivyo yanavyoitwa hadi leo, mawe ya redio, na yetu yalikuwa yale yenye picha ya paka, yaliyotengenezwa Nakuru katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1967 na kufungwa 2014. Mawe yalipoanza kuchoka yaliwekwa juu ya mabati yapigwe na jua, maana joto huiamsha dawa iliyobaki ndani, na redio ikapata saa moja zaidi ya uhai. Wengine waliyauma kwa meno. Kanda haikurudishwa nyuma kwa kitufe, huo ulikuwa ubadhirifu. Ilirudishwa kwa kalamu ya Bic, ambayo ubavu wake una pembe sita, na tundu la kanda lina meno sita, utadhani waliotengeneza vitu hivi viwili walikutana Gatwekera wakapatana. Unachomeka kalamu, unainua kanda, unaizungusha hewani kama mtu anayefukuza ndege shambani.

Mawe hayo yalitufundisha jambo ambalo mwalimu wa sayansi hakutufundisha. Yakichoka wakati unasikiliza, mota hupunguza mwendo na sauti hushuka, mwimbaji wa kike akawa mwanamume, mwanamume akawa fahali. Lakini yakichoka wakati unarekodi, mambo hugeuka. Utepe unapita polepole unapoandikwa, kisha ukija kuuchezesha kwa mwendo wa kawaida sauti inakimbia na kupanda juu, nyembamba kama ya mtoto. Nyanya aliimaliza barua yake kwa namna hiyo. Mawe ya mwalimu yalikuwa yanaisha, na dakika zake za mwisho alisikika kama msichana wa miaka saba anayekimbia mvua. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta, naye alikuwa anacheka.

Sasa niseme ubaya wangu.

Desemba 1987 Gor Mahia ilicheza fainali ya Kombe la Mandela, kombe la washindi wa Afrika, dhidi ya Espérance ya Tunisia. Mechi ya kwanza kule Tunis ilikuwa sare ya 2-2. Ya marudiano, hapa Nairobi, ikaisha 1-1, na Gor wakabeba kombe kwa mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara. Kibera siku hiyo haikulala. Kaka yangu alitaka kurekodi matangazo ya redio, na nyumbani hapakuwa na kanda tupu. Ile ya nyanya ilikuwa imefungwa isifutwe: juu ya kila kanda kuna vijino viwili vya plastiki, ukivivunja, redio inakataa kurekodi. Baba alikuwa amekivunja cha upande wa nyanya. Lakini kila mtoto wa Nairobi alijua dawa yake. Unatafuna karatasi, unaliziba tundu, redio inadanganyika. Mimi ndiye niliyetafuna karatasi.

Baba hakutupiga. Alisikiliza mpira wote, akashangilia tena bao la Gor kana kwamba hakulijua, na mpira ulipoisha akaendelea kungoja kuona kama kuna kitu kimebaki. Kilibaki kipande mwishoni. Alizima kabla hatujasikia ni kirefu kiasi gani.

Mwaka 1991 tulihamia Kawangware. Ukitoka Kibera unashika Ngong Road hadi Dagoretti Corner, unaingia Naivasha Road, na tulibeba vitu vyote kwa mkokoteni mmoja, redio ikiwa mikononi mwa mama kama kitoto kichanga. Kawangware tulikuwa wachache wa Gor kati ya wengi wa Ingwe, yaani AFC Leopards, na hilo peke yake lingejaza makala nyingine. Tofauti kubwa ilikuwa stima. Tulipanga katika ploti, vyumba kumi na viwili vya mabati vikitazamana, choo kimoja, mfereji mmoja, na swichi kuu chumbani kwa mwenye ploti. Kodi ilihesabiwa kwa balbu. Ukiwa na redio unaongeza, ukiwa na TV unaongeza zaidi, pasi ni marufuku. Saa nne usiku mwenye ploti alizima, uwe umemaliza kula au hujamaliza. Nimesoma wataalamu wakieleza jinsi Waafrika walivyopokea teknolojia mpya. Sisi tuliipokea hadi saa nne.

Ndiyo sababu TV ya kwanza kwenye ploti yetu, ya jirani aliyekuwa na kioski cha mboga, haikutegemea stima ya mwenye ploti. Ilikuwa Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, ikiendeshwa na betri ya gari iliyopelekwa kuchajiwa kila baada ya siku chache. Betri ikikaribia kwisha picha hunywea. Kingo nyeusi zinasogea kutoka pande zote, Mzee Ojwang', yule mchekeshaji wa "Vitimbi", anazidi kuwa mdogo, mpaka unamtazama kana kwamba amekaa mwisho wa bomba. Juu ya kioo jirani alibandika plastiki ya rangi, buluu juu na kijani chini, ili TV iwe ya rangi. Kwa picha ya uwanja wa mpira ilifaa. Kwa uso wa mtu ilimpa kipaji cha buluu na kidevu cha kijani, na sisi tulikubali tu.

Jumba hilo la sinema lilikuwa na masharti. Miguu ioshwe mfereji ukiwa wazi. Watoto chini, wageni kwenye kochi. Aliyetumwa nje kugeuza antena hakuwa na haki ya kulalamika. Antena ilikuwa ya waya na kifuniko cha sufuria, imefungwa kwenye mlingoti, na mazungumzo ya kila jioni yalikuwa hayohayo:

"Imeshika?"

"Chenga! Geuza upande wa mtaa wa Satellite!"

"Sasa?"

"Hapo hapo! Usiachilie!"

Nami sikuachilia. Vipindi vingi vya "Vitimbi" nilivifuata kwa masikio, mkono ukiwa kwenye mlingoti, nikisikia Mama Kayai akimkemea mumewe ndani na watu wakicheka. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, na Sauti ya Kenya ilikuwa imebadilishwa jina kuwa KBC mwaka 1989, na KTN ilianza 1990, lakini historia ya televisheni inayoandikwa kwa majina ya vituo inawasahau walioshika mlingoti.

Video nayo tuliifahamu kwanza kwa masikio. Karibu na steji ya 46 palikuwa na banda la mabati, madirisha yamezibwa magunia, mabenchi ndani, deki moja, TV moja, jenereta nyuma. Mlangoni ubao wa chaki: LEO: COMMANDO. Kiingilio shilingi 5. Asiye na shilingi 5 alikaa nje chini ya spika, maana mwenye banda aliiweka spika moja nje kuwavuta wateja. Filamu ile ya Schwarzenegger ya mwaka 1985 niliisikiliza labda mara kumi kabla sijaiona. Nilijua risasi ya kwanza inalia wapi na stelingi anaingia dukani wakati gani. Siku nilipopata shilingi 5 nikaingia, niliona uso wa adui nikakasirika. Nilikuwa nimemchora vibaya zaidi.

Kanda za video zilizofika kwetu zilikuwa zimechezwa Eastleigh, zikachezwa River Road, zikachezwa Kibera. Mistari myeupe ilikatiza picha kama mvua ya ubavuni, na kijana wa deki alikaa na kipande cha karatasi laini na spiriti, akipangusa kichwa cha mashine kila baada ya filamu mbili. Alikuwa na vidole vya daktari wa macho. Utepe ukikatika aliuunga kwa selotepu, na filamu ikaruka: mtu anafungua mlango Hong Kong anatokea amelala hospitalini. Wateja hawakudai pesa zao. Walijaza pengo wenyewe, kwa sauti.

Kutoka kwenye kujaza pengo huko ndipo, kwa maoni yangu, alipotokea DJ Afro. Filamu za Kichina zilikuja na maandishi ya Kiingereza yaliyopita mbio, na bandani nusu ya watu hawakusoma Kiingereza, wengine hawakusoma kabisa. Yeye akaketi na maikrofoni akasimulia kwa Kiswahili cha mtaa, akiwapa wahusika majina yake mwenyewe, akiwatabiria, akiwacheka, akimwonya stelingi asigeuke. Asiyeelewa humwita mtafsiri. Yule ni mtambaji wa ngano aliyepewa TV badala ya moto. Uganda wanao wa namna hiyo, wanaitwa VJ, lakini sisi tulimsikia wetu kwanza na hatutaki ubishi.

Miaka hiyo kila kitu kilikuwa kinaingia kwa wingi. Serikali ililegeza masharti ya bidhaa za nje mwaka 1993, na Toi Market, pale ukingoni mwa Kibera, ukapata mafungu ya redio kama ulivyokuwa na mafungu ya suruali. Mafundi wakaota vichochoroni, kila mmoja na chuma cha kuchomelea risasi na debe la matumbo ya redio zilizokufa. Mmoja wao alichukua redio yetu kwa matengenezo ya siku mbili na akairudisha baada ya miezi mitatu ikiwa na spika ya mtu mwingine. Mama aliitambua kwa sauti. Alisema hii inaongea kwa pua.

Kwa redio hiyo ya pua ndiyo nilirekodi mara ya tatu. Capital FM ilianza kusikika Nairobi mwaka 1996, na mwaka uliofuata vijana wa Dandora, Kalamashaka, wakatoka na "Tafsiri Hii", wakichana kwa Kiswahili chetu kile ambacho walimu walituchapia. Nilikaa na kidole juu ya kitufe cha kusimamisha nikingoja mtangazaji anyamaze. Hawanyamazi. Nilichukua kanda iliyokuwa karibu, ya rangi ya moshi, nikarekodi pande zote mbili. Nilikuwa na umri wa kunyoa ndevu, kwa hiyo siwezi kusingizia utoto. Na nyanya alikuwa amekwisha fariki, mwaka 1994.

Mengine yalikwenda haraka, na sikumbuki kuyaona yakipita. Diski zilikuja, za muziki kisha za video, mia kwa tatu, tena mia kwa tano. Foleni ya kibanda cha simu cha shirika la Posta na Simu, ambapo ulisimama saa nzima na sarafu zikilowa jasho mkononi, ilikufa shirika lilipogawanywa mwaka 1999 na kampuni mbili za simu za mkononi zikaanza kushindana mwaka 2000. M-Pesa ikaja Machi 2007. Tangu hapo hakuna aliyefunga tena sauti yake ndani ya soksi.

TV za kisogo zilidumu zaidi. Kisha Februari 2015 mitambo ya analogi ya NTV, KTN na Citizen ikazimwa, na kwa karibu siku 20 vituo hivyo vilitoweka hewani huku mvutano wa wenye vituo na Mamlaka ya Mawasiliano ukiendelea. Kawangware watu waliuliza bei ya king'amuzi, wakahesabu, wakarudi kwenye redio. Wanunuzi wa vyuma chakavu walipita na mikokoteni wakizinunua TV kwa bei ya sahani mbili za githeri. Walizipasua shingo kwa nyundo kutoa shaba, na vioo vyake, vyenye madini ya risasi ndani, vikaachwa kando ya mtaro ambapo watoto wanachezea. Vipo hata sasa.

Mama alipohama kurudi Siaya tuliikuta kanda ndani ya bati la biskuti, pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Lebo yake ilikuwa na karatasi tatu, moja juu ya nyingine: mwandiko wa baba, wa kaka, wangu. Fundi mmoja wa Kawangware, ambaye bado ana deki ya kaseti iliyounganishwa na kompyuta, aliniambia nisiichezeshe kabla hajauzungusha utepe wote mbele na nyuma polepole, maana umeshikana. Aliuzungusha kwa kalamu ya Bic.

Upande wa pili muziki wangu unakwenda dakika 21 na kukatika katikati ya tangazo la biashara. Hapo mpira unaingia, uwanja mzima unapiga kelele, dakika sita. Kisha kunakuwa na mlio kama wa mkwaruzo, na kuku.

Ni sekunde 52. Fundi alipunguza mwendo mpaka sauti ile ya msichana wa miaka saba ikashuka, ikashuka, ikawa ya mwanamke mzee. Nilimpigia baba simu nikamwekea. Alinyamaza hadi mwisho, akaniambia anachosema: mwalimu anataka redio yake, mawe yameisha, mawe haya mtayalipa nyinyi, msisahau sukari.

Msomaji wangu, kama kwenu kuna kanda yenye sauti ya mtu, itazame juu, upande wenye utepe uangalie chini. Ukiona vijino viwili, vivunje leo.